Linux mpya haikubali kazi ya programu: kutoka dalili hadi chanzo

Mfumo umeshaingia, skrini inawaka, lakini kazi haianzi: amri haionekani, ruhusa inakataliwa, kompaila inakatika njiani. Hapa tunaanzia kwenye dalili, yaani maneno yenyewe yanayotokea kwenye terminali, kisha tunarudi nyuma hadi chanzo. Amri ni za Debian na Ubuntu; Fedora inatajwa pale tu inapoachana nazo kwa jambo la maana.

Kabla ya kugusa chochote, ujue mpaka uko wapi. `/usr`, `/etc` na `/var` ni milki ya mfumo, na msimamizi wake ni apt (kwenye Fedora, dnf), programu inayosakinisha na kuondoa vifurushi. Folda ya nyumbani, `/home/jina`, ni yako. `/usr/local` iko katikati: ni ya msimamizi wa mashine anayeweka vitu kwa mkono. Sehemu kubwa ya matatizo ya siku za mwanzo hutokana na kuvuka mpaka huu: pip (kisakinishi cha maktaba za Python) inaandika kwenye eneo la mfumo, npm (kile cha JavaScript) inaendeshwa kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa mashine, na faili za nyumbani zinageuka kuwa za root. Ndiyo maana `sudo chmod -R 777`, inayompa kila mtu ruhusa zote, huonekana kuponya na baada ya siku mbili ugonjwa hurudi kwa sura nyingine.

Halafu, soma kosa la kwanza. Kompaila ikitema mistari 200, wa mwisho husema tu kwamba `make` imeshindwa, jambo ambalo tayari unalijua. Hifadhi matokeo, kisha tafuta:

```
make 2>&1 | tee matokeo.txt
grep -n -m1 -iE 'error|fatal' matokeo.txt
```

## apt inagoma

`Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 2314`

Kwenye Ubuntu iliyotoka kusakinishwa, mshikaji karibu kila mara ni `unattended-upgrades`, inayopakua masasisho ya usalama kimyakimya. Hakikisha kwa `ps -fp 2314`, kisha subiri. Ushauri wa kufuta faili ya kufuli umeenea sana, nao ni mbaya. Kufuli lenyewe linashikwa na kerneli, kiini cha mfumo. Ukifuta faili, unachofanya ni kuruhusu dpkg mbili (programu ambayo apt huitumia kusakinisha) kuandika kwenye hifadhidata moja kwa wakati mmoja. Ikiwa umeme ulikatika katikati ya usakinishaji na hakuna mchakato wowote unaoendelea, dawa ni:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
```

`Release file ... is not valid yet`

Saa ya mashine iko nyuma. Angalia kwa `timedatectl`. Kama kuna `System clock synchronized: no`, washa usawazishaji kwa `sudo timedatectl set-ntp true`. Ukubwa wa tofauti unaeleza chanzo. Saa ikirudi nyuma kwa miaka kila unapozima mashine, betri ndogo ya bodi mama imekwisha. Ikipotea kwa saa kamili, idadi ileile kila mara, basi kuna Windows kwenye mashine hiyohiyo: Windows huandika saa ya mahali kwenye saa ya maunzi, Linux huisoma kama UTC. Saa mbovu haiishii kwa apt. `curl` na `git` nazo zitalalamikia vyeti vya tovuti ambavyo havina kosa lolote.

`Unable to locate package`

Hujaendesha `sudo apt update`, au, kwenye Ubuntu, sehemu ya universe, hazina ya vifurushi vya ziada, imezimwa (`sudo add-apt-repository universe`). Debian ikikudai uingize diski, fungua `/etc/apt/sources.list` na uondoe mstari unaoanza na `deb cdrom:`.

## Mtumiaji hayumo kwenye sudoers

Dalili ni `jina is not in the sudoers file`, yaani huna ruhusa ya kutumia sudo, na ni ya Debian. Ukiandika nenosiri la root wakati wa kusakinisha, mtumiaji wa kwanza hapewi sudo. Ukiliacha tupu, anapewa. Kurekebisha:

```
su -
usermod -aG sudo jina
```

Kistari baada ya `su` kina kazi. Bila hicho unabaki na PATH yako ya kawaida (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa), isiyo na `/usr/sbin`, na utaambiwa `usermod: command not found`. Herufi `a` nayo usiisahau: `-G` peke yake inafuta vikundi vyako vingine vyote na kubakiza hicho kimoja. Fedora hutumia kikundi cha `wheel` badala ya `sudo`.

Sasa jambo linalochosha watu wengi: umejiongeza kwenye kikundi na bado unakataliwa. Vikundi husomwa unapoingia kwenye mfumo, si kila unapofungua terminali. Linganisha amri hizi mbili:

```
id
id jina
```

Ya kwanza inaonyesha vikundi vya kipindi hiki ulichomo. Ya pili inasoma orodha iliyoandikwa kwenye mfumo. Zikitofautiana, toka kabisa kwenye akaunti uingie upya. Kama `tmux`, programu inayotunza terminali zikiwa hai, ilikuwa imewashwa kabla ya mabadiliko, terminali zilizo ndani yake zitabaki na vikundi vya zamani hata baada ya kuingia upya. Zima seva ya tmux au washa mashine upya.

Chanzo hikihiki kinaeleza makosa matatu yanayoonekana kama hayana uhusiano. `permission denied` kwenye `/var/run/docker.sock`: kikundi ni `docker`. Bodi ya maikrokontrola isiyofunguka kwenye `/dev/ttyUSB0`: kikundi ni `dialout`. Emuleta ya simu inayokataliwa `/dev/kvm`: kikundi ni `kvm`. Kila kifaa au soketi ina kikundi chake, na `ls -l /dev/ttyUSB0` hukuonyesha jina lake bila kubahatisha. Fahamu tu kwamba aliyemo kwenye kikundi cha docker ana uwezo sawa na root, kwa sababu anaweza kufungua kontena lililobeba diski nzima ya mwenyeji. Kwenye mashine ya watu wengi hilo si jambo dogo.

Kama `/dev/kvm` haipo kabisa, kikundi hakitasaidia. Tazama `sudo dmesg | grep -i kvm`. Ukiona `disabled by BIOS`, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uwashe VT-x (Intel) au SVM (AMD). Na kama `/dev/ttyUSB0` inatokea kisha inatoweka papo hapo kwenye Ubuntu 22.04, mtuhumiwa ni `brltty`, programu ya vifaa vya nukta nundu, ambayo hunyakua chipu za CH340 ikidhani ni kifaa chake. Kama huna kifaa cha namna hiyo, `sudo apt remove brltty` inamaliza kazi.

## Umesakinisha, lakini `command not found`

Anza kwa kuuliza sheli (programu inayosoma amri zako kwenye terminali, kwa kawaida bash) inatafuta wapi:

```
echo "$PATH" | tr ':' '\n'
type -a jina_la_amri
```

Chanzo cha kwanza ni `~/.local/bin`. Kwenye Debian na Ubuntu, `~/.profile` huiweka folda hiyo kwenye PATH ikiwa tu ilikuwepo ulipoingia. Mashine ni mpya, folda haikuwepo asubuhi, pipx (kisakinishi cha zana za Python) imeiunda sasa hivi. Hadi utoke na kuingia tena, haimo. Hakuna kilichoharibika.

Chanzo cha pili ni kuandika `export PATH=...` mahali pasipofaa. `~/.bashrc` husomwa na bash ya mazungumzo, yaani ile ya kwenye terminali. Kihariri ulichokifungua kwa kubofya ikoni hakipitii huko, hivyo `go` au `cargo` inaonekana kwenye terminali na haionekani ndani ya kihariri. Weka mstari huo kwenye `~/.profile`, kisha toka na uingie. Faili hiyohiyo ya `.bashrc` ya Debian na Ubuntu ina masharti mwanzoni yanayoikatisha kama sheli si ya mazungumzo, kwa hiyo unachoongeza chini yake hakitaonekana ukituma amri moja kwa `ssh`.

Kuna mtego mmoja hapa ambao ni vigumu kuuona. Bash ya kuingilia husoma faili moja tu kati ya hizi, ile ya kwanza kupatikana: `~/.bash_profile`, `~/.bash_login`, `~/.profile`. Skripti fulani ya usakinishaji ikiunda `~/.bash_profile`, `~/.profile` yako inanyamazishwa bila onyo, na mambo yaliyokuwa yakifanya kazi jana yanakoma. Ongeza ndani ya hiyo mpya mstari `. ~/.profile`. Wanaotumia zsh wanaandika kwenye `~/.zprofile`, zsh haisomi faili hizi za bash.

Chanzo cha tatu: bash hukumbuka amri ilikuwa wapi. Ukiondoa `node` ya apt na kuweka nyingine kwa nvm, kisimamizi cha matoleo ya Node, bado inaweza kukimbilia `/usr/bin/node`. `hash -r` inafuta kumbukumbu hiyo.

### Faili ipo, lakini inaambiwa haipo

`bash: ./jenga.sh: cannot execute: required file not found` (bash za kabla ya 5.2 husema `No such file or directory`), na `ls` inaionyesha pale pale. Kinachokosekana ni kitu ambacho faili inakihitaji ili ianze.

Kama ni skripti, tazama mstari wa kwanza kwa `head -1 jenga.sh | cat -A`. Ukiona `#!/bin/bash^M$`, faili ilihaririwa kwenye Windows na kila mstari unamalizikia herufi ya ziada. Mfumo unatafuta programu inayoitwa `bash` ikifuatwa na herufi hiyo, na kweli haipo. Itoe:

```
sed -i 's/\r$//' jenga.sh
```

Kama ni programu iliyokwisha kukompailiwa, endesha `file ./programu`. Ikisema `32-bit` na `interpreter /lib/ld-linux.so.2`, mfumo wako wa biti 64 hauna kipakiaji hicho:

```
sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386
```

Ikitaja `ld-musl`, ilitengenezwa kwa mfumo wa aina ya Alpine. Tafuta toleo la glibc, maktaba ya msingi ya Debian, Ubuntu na Fedora.

Na ikiwa jibu ni `Permission denied` ilhali umeshaweka `chmod +x`, angalia umesimama kwenye diski gani: `findmnt -T .` hutaja aina ya mfumo wa faili na chaguo zake. Ukiona `noexec`, ndiyo hiyo: diski imezuiwa kuendesha programu. Ukiona `exfat` au `vfat`, ruhusa za Linux hazihifadhiwi huko, na viungo ishara (symlink) haviwezi kuundwa. `npm install` na `python3 -m venv` zitakwama kwa makosa ya ajabu ajabu. Msimbo uishi kwenye ext4 au btrfs. Diski ya kuhamisha faili iachiwe kuhamisha faili.

## Python

`error: externally-managed-environment`

Hili si hitilafu. Ni katazo la makusudi lililoelezwa katika PEP 668, waraka wa kanuni za Python, na limo tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04, zote za 2023. Sababu yake ni ule mpaka wa mwanzo. Zana kadhaa za mfumo zimeandikwa kwa Python na zinategemea maktaba za matoleo maalumu. Kwenye Debian, Python ya mfumo hutafuta maktaba ndani ya `/usr/local/lib/python3.*/dist-packages` kabla ya kufika `/usr/lib/python3/dist-packages`. Kwa hiyo `sudo pip install` ya maktaba moja mpya hufunika ile ya mfumo, na zana isiyohusika na mradi wako inaanguka.

Njia sahihi ni mazingira ya mradi (venv), folda yenye maktaba zake yenyewe:

```
sudo apt install python3-venv
cd ~/kazi/mradi
python3 -m venv .venv
. .venv/bin/activate
python -m pip install requests
```

Ukipata `ensurepip is not available`, umeruka mstari wa kwanza; Debian na Ubuntu huitenga sehemu hiyo kwenye kifurushi chake. Futa `.venv` iliyobaki nusu kabla ya kurudia. Zana zinazotumika kila mahali, kama vile kipanga msimbo, zisakinishe kwa `pipx`.

Chaguo la `--break-system-packages` lina jina linalosema ukweli. Matumizi yake halali hapa ni moja: kuondoa kilichokwisha kuwekwa. Tazama `ls /usr/local/lib/python3*/dist-packages`. Kwenye mashine mpya panatakiwa pawe patupu. Kila unachokikuta kiondoe kwa `sudo python3 -m pip uninstall --break-system-packages jina`.

`No module named 'apt_pkg'`

Mtu ameelekeza `/usr/bin/python3` kwenye toleo jipya zaidi, kwa kawaida kwa `update-alternatives`. Moduli ya `apt_pkg` imekompailiwa kwa ajili ya Python ya mfumo peke yake, kwa hiyo `add-apt-repository` inakufa, na kwenye Ubuntu hata terminali ya GNOME hukataa kufunguka. Rudisha kiungo kwenye toleo lililokuja na mfumo: 3.11 kwa Debian 12, 3.12 kwa Ubuntu 24.04.

```
sudo ln -sf python3.12 /usr/bin/python3
```

Kama terminali haifunguki, bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi na uifanye huko. Toleo jipya liite kwa jina lake kamili, mfano `python3.13 -m venv .venv`, na `python3` ya mfumo uiache ilivyo.

Jambo dogo la kumalizia: folda ya venv haihamishiki. Skripti zilizomo zimeandikiwa anwani kamili ya mahali ilipozaliwa. Ukibadilisha jina la folda ya mradi utapata `bad interpreter`, au `required file not found` kwenye bash mpya. Ifute na uiunde upya.

## npm na faili zilizogeuka kuwa za root

`EACCES: permission denied, mkdir '/usr/local/lib/node_modules'`. Usiongeze sudo. Mwambie npm aweke vitu vyako kwako:

```
npm config set prefix ~/.local
```

Kama sudo imeshatumika, kutakuwa na mabaki. Yatafute, kisha uyarudishe:

```
find ~ -user root 2>/dev/null | head
sudo chown -R "$(id -u):$(id -g)" ~/.npm
```

Ukiona `~/.Xauthority` kwenye orodha hiyo, hapo ndipo penye chanzo cha dalili nyingine: unaandika nenosiri sahihi, skrini inapepesa, unarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Hutokea kwenye vipindi vya X11 baada ya kuendesha programu ya michoro kwa sudo. Ifute ukiwa kwenye Ctrl+Alt+F3, itaundwa upya.

## Kompaila

Msingi ni `sudo apt install build-essential pkg-config`. Kwenye Fedora, `sudo dnf install gcc gcc-c++ make pkgconf-pkg-config`. Baada ya hapo makosa hugawanyika mara mbili.

`fatal error: openssl/ssl.h: No such file or directory` ni kosa la kompaila: faili ya kichwa haipo. `cannot find -lssl` ni la kiunganishi: maktaba haipo kwa jina analolitafuta. Na hapa wengi hushangaa, maana maktaba wanaiona kwa macho: `libssl.so.3` iko pale. Kifurushi cha kawaida huleta `libssl.so.3`, kinachotosha kuendesha programu. Kiunganishi hutafuta `libssl.so` isiyo na namba, na hicho kiungo, pamoja na faili za vichwa, huja na kifurushi cha `-dev`. Kwa hiyo makosa yote mawili yana dawa moja, `libssl-dev`. Kwa mtindo huohuo `Python.h` inatoka `python3-dev`, `ffi.h` inatoka `libffi-dev`, na `-lz` inatoka `zlib1g-dev`. Fedora humalizia majina hayo kwa `-devel`.

Usikariri orodha, uliza:

```
sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search --regexp '/ffi\.h$'
```

Angalizo kwa `Python.h`: `python3-dev` ni ya Python ya mfumo. Kama venv yako imejengwa kwa toleo jingine, unahitaji vichwa vya toleo hilo.

`fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`

Msimbo hauna kosa; RAM imekwisha na kerneli imeua kompaila. Uthibitisho uko kwenye `sudo dmesg | grep -i 'out of memory'`. Hutokea kwa sababu `make -j$(nproc)` huanzisha kazi nyingi kama viini vya prosesa, na faili moja nzito ya C++ inaweza kula gigabaiti nzima au zaidi. Mashine ya viini 8 na RAM ya GB 8 inafika hapo upesi. Anza kwa `make -j2`. Kama haitoshi, ongeza swap, nafasi ya diski inayosaidia RAM (hatua hizi ni za ext4):

```
sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
echo '/swapfile none swap sw 0 0' | sudo tee -a /etc/fstab
```

Ukisahau `-a` kwenye mstari wa mwisho, umeifuta fstab yote, orodha ya diski zinazofunguliwa mashine inapowaka, na mashine huenda isiwake. Isome kwa `cat /etc/fstab` kabla ya kuzima.

## "Nafasi imekwisha" na diski ni tupu

`No space left on device`, au `ENOSPC`, ina maana nne, na ni moja tu inayohusu ujazo wa diski. `df -h` inakuonyesha hiyo. `df -i` inaonyesha ya pili: idadi ya faili imefika kikomo ingawa gigabaiti zipo.

Ya tatu ni `/tmp`. Fedora, na Debian kuanzia toleo la 13 la 2025, huweka `/tmp` ndani ya RAM, kwa kawaida isizidi nusu yake. Pip inayojenga maktaba kubwa hujaza hapo na kukata tamaa. Ipe mahali pengine:

```
mkdir -p ~/muda
TMPDIR=~/muda python -m pip install jina
```

Ya nne ndiyo inayopoteza muda wa watu: `ENOSPC: System limit for number of file watchers reached`. Kihariri au seva ya majaribio huomba kerneli iwe inaangalia mabadiliko kwenye maelfu ya faili, na kuna ukomo kwa kila mtumiaji. Tazama ulipo kwa `cat /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches`. Tangu kerneli 5.11 ukomo huu hupangwa kulingana na RAM, hivyo mashine kubwa hazikumbwi sana. Zilizokuwa na kerneli za zamani zilianza na 8192. Kupandisha:

```
echo 'fs.inotify.max_user_watches=524288' | sudo tee /etc/sysctl.d/60-inotify.conf
sudo sysctl --system
```

Kabla ya hapo, hata hivyo, mwambie kihariri asiangalie `node_modules`, `.venv` na `target`. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha, na mashine inapumua.

## Kadi ya michoro na Wi-Fi

Skrini nyeusi mara tu baada ya kuwasha, kwenye mashine yenye NVIDIA: kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha) bonyeza `e`, mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux` ongeza `nomodeset`, kisha Ctrl+X. Hiyo ni ya safari moja tu, ya kukuingiza ndani ili usakinishe draiva: kwenye Ubuntu, `sudo ubuntu-drivers install`.

Ukishasakinisha na `nvidia-smi` ikasema haiwezi kuwasiliana na draiva, jaribu `sudo modprobe nvidia` usome jibu. `Key was rejected by service` maana yake Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, imekataa moduli isiyo na sahihi inayotambulika (hakikisha kwa `mokutil --sb-state`). Wakati wa usakinishaji uliombwa nenosiri, na mashine ilipowaka upya ilionyesha skrini ya buluu kwa sekunde chache. Wengi huipita. Ilikuwa ndiyo nafasi ya kuandikisha ufunguo. Omba upya:

```
sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Kwenye Debian faili ni `/var/lib/dkms/mok.pub`. Washa upya, chagua `Enroll MOK`, andika nenosiri ulilotoa. Jibu likiwa `Module nvidia not found`, moduli haikujengwa kwa kerneli hii: `dkms status` (DKMS ndiyo hujenga moduli kwa kila kerneli) itathibitisha, na mara nyingi kinachokosekana ni vichwa vya kerneli, `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`.

Wi-Fi isiyoonekana: `rfkill list` kwanza, huenda imezimwa kwa kitufe. Kisha `lspci -nnk | grep -A3 -i network`. Kama mstari wa `Kernel driver in use` upo lakini hakuna mtandao, tafuta neno `firmware` kwenye `dmesg`. Debian 12 na zinazofuata huja na faili hizo kwenye diski ya usakinishaji. Kwenye 11 na za kabla yake ulihitaji kuongeza `non-free` kisha kusakinisha `firmware-iwlwifi` au `firmware-realtek`. Intaneti ya kupakulia unaweza kuipata kwa simu iliyounganishwa kwa waya wa USB.

## Git

`Author identity unknown` hutatuliwa kwa `git config --global user.name` na `user.email`. GitHub ikikataa nenosiri lako kwenye HTTPS, usilibadilishe: tangu 13 Agosti 2021 haikubali nenosiri la akaunti kwa kazi za git. Tumia tokeni (nenosiri maalumu unalolitoa kwenye GitHub) au ufunguo wa SSH. Amri ya kwanza inautengeneza; weka yaliyomo kwenye `~/.ssh/id_ed25519.pub` kwenye akaunti yako ya GitHub, kisha jaribu kwa ya pili:

```
ssh-keygen -t ed25519
ssh -T git@github.com
```

`Permission denied (publickey)` baada ya kunakili funguo kutoka mashine ya zamani kwa kawaida ni ruhusa za faili: ssh hupuuza ufunguo wa siri unaosomeka na wengine. `chmod 700 ~/.ssh` na `chmod 600 ~/.ssh/id_ed25519`. Kama sivyo, `ssh -vT git@github.com` huonyesha ni funguo zipi zinazojaribiwa. Mara nyingi faili yako ina jina lisilo la kawaida na ssh haijui kama ipo.

Ikiwa muunganisho unaning'inia bila jibu lolote hadi muda uishe, mtandao uliomo umefunga mlango wa 22, unaotumiwa na SSH. GitHub inapokea SSH kwenye 443 pia. Andika ndani ya `~/.ssh/config`:

```
Host github.com
    HostName ssh.github.com
    Port 443
    User git
```

Utaulizwa kuthibitisha ufunguo wa seva upya kwa sababu jina na mlango vimebadilika. Linganisha alama yake na zile ambazo GitHub imezichapisha kwenye nyaraka zake kabla ya kuandika `yes`.